Kutafuta Ticha wa Uchumi Sangailu: Kazi Iko Hapo Kwa "Local"

Abti wangu alinipigia simu kutoka Sangailu juzi wakati shule zilikuwa zinafunga. Network ilikuwa inakatakata lakini swali lilifika fiti: "Warya, wewe si ulisoma uchumi Nairobi? Mtafutie huyu mtoto mwalimu wa hapa hapa."

Niliskia aibu kiasi. Wale mnanisoma kila siku mnajua mimi ni dropout. Nilipiga Economics miaka miwili, fees ikakataa kabisa, nikaingia hii kazi ya kuwaandikia stori za masupastaa na madrama zao. Lakini kwa familia yetu mtu akishalala campus hata wiki moja, huyo ni profesa. Mtoto mwenyewe ni binamu yangu, dem wa Form 3, kichwa yake iko sawa kuliko yangu, na KCSE anafanya 2027.

Hiyo 2027 si mwaka wa kuchezea. Ndio class ya mwisho ya 8-4-4. Saa hii ukiingia high school yoyote Kenya utapata Form 4, Form 3, alafu hakuna Form 2, unaangukia Grade 10 ambao waliingia Januari na mambo yao ya pathway. Shule yenye walimu wa kuhesabu na vidole sasa inabeba mitaala miwili kwa mgongo mmoja. Ticha akikosekana, unadhani nani anaachwa ajisomee?

Kama hujawahi skia Sangailu, ni wadi ya Ijara, Kaunti ya Garissa, ule upande wa Hulugho, ukielekea mpaka wa Somalia na msitu wa Boni. Watu wa huko ni wafugaji. Barabara ni ya vumbi, mvua ikikubali inakuwa ya matope, na mvua ikizidi hakuna barabara.

Sasa tuongee hilo neno "hapa hapa". Ukiwa Nairobi ukisema unataka ticha "local" unamaanisha hutaki alipe fare mbili kufika kwa keja yenu. North Eastern hilo neno ni zito. "Local" na "non-local" ni maneno ya TSC, ya mikutano ya chama cha walimu, na ukweli ni kwamba yana damu. 22 Novemba 2014, basi iliyokuwa inatoka Mandera ikielekea Nairobi ilisimamishwa, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda likizo ya Krismasi. 2 Aprili 2015, Garissa University, watu 148. Alafu 13 Januari 2020, Kamuthe, hapo hapo Garissa County, walimu watatu wasio wenyeji waliuawa shuleni. Baada ya Kamuthe, TSC ilianza kuwatoa walimu non-local, na shule zingine zikabaki na headteacher, chaki na watoto.

Mimi siwezi walaumu hao walimu. Kama ungekuwa wewe, ungebaki? Na kabla mtu aniambie ati wenyeji hawakuumia, mcheki stori ya Mwalimu Salah Farah. Alikuwa deputy headteacher Mandera. Desemba 2015 Al-Shabaab walisimamisha basi yao wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria wakakataa. Mwalimu Salah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kama ulicheki ile filamu fupi ya Watu Wote, iliyoingia nominations za Oscar 2018, ndio hiyo stori. Kwa hivyo tukibonga kuhusu walimu wa huku, tubonge na heshima.

Na hapa ndio uchumi wenyewe unaingia. Kwa class tunafunzwa bei ikipanda, wauzaji wanaongezeka. Sawa. Serikali inalipa walimu hardship allowance kwa sehemu kama hizi miaka mingi sasa. Mbona walimu hawajajaa? Juu gharama ya kufanya kazi huko haiko kwa payslip. Iko kwa ile simu mamako anakupigia kila usiku kuuliza kama bado uko hai. Hakuna allowance imewahi kufikia hiyo bei.

Jibu la kila mtu limekuwa moja: basi tufunze wenyeji wawe walimu. Poa sana, mimi naunga mkono. Lakini fuata hiyo njia pole pole uone inakupeleka wapi. Ili uwe ticha wa high school, TSC inataka uwe na degree ama diploma ya kufunza, na kwa KCSE uwe na C+ kwa jumla, pamoja na C+ kwa kila moja ya yale masomo mawili utafunza. Kwa hivyo mtoto wa Sangailu akitaka kuja kuwa ticha wa Business, lazima apate C+ ya Business. Atafunzwa na nani? Na yule ticha ambaye hayuko. Asipofunzwa hapati hiyo C+, asipoipata hawi ticha, na mtoto atakayekuja nyuma yake anapata class iko tupu vile vile. Hiyo duara inajizungusha yenyewe, na haihitaji mtu mbaya yeyote kuisukuma.

Ndio maana sicheki abti akisema anataka tutor. Watu wa mtaa hudhani tuition ni ya watoto wa matajiri wa Kilimani. Sangailu tutor ndio ticha.

Haya, nilianza kutafuta. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilijiambia kwani mimi sijui uchumi? Nikampigia binamu jioni tatu mfululizo nikimfunza indifference curves na maneno mengine ya campus. Wiki iliyofuata akafanya past paper, akaniletea marks za kusikitisha. Kumbe hata sikuwa nimeangalia silabasi. KCSE haina somo linaitwa Economics. Uchumi uko ndani ya Business Studies, umechanganywa na mambo ya ofisi, bima, usafirishaji na uhasibu. Form 3 ndio kuna demand na supply, national income, idadi ya watu na ajira, ledger na cash book. Form 4 inakuja pesa na benki, public finance, inflation, biashara ya kimataifa. Paper 1 ni maswali mafupi 25. Paper 2 unapewa maswali sita, unajibu matano. Mtu anaweza kuwa na masters ya uchumi na bado amfelishe mtoto wako, juu hajui kwamba swali likisema "eleza" ukiandika pointi bila maelezo unapata nusu ya marks. Kwa hivyo mtu akikuambia yeye ni tutor wa Economics, muulize kwanza mara ya mwisho kuona silabasi ya Business ni lini. Akianza kuzunguka, mwambie asante, tutawasiliana.

Kitu ya pili nilijifunza ni kwamba ticha mzuri wa Sangailu hawezi kufunza kama ticha wa Buruburu. Vitabu vimejaa mifano ya supermarket na viwanda. Hiyo si maisha ya huyu mtoto. Lakini muulize kuhusu mbuzi! Mvua ikikosa, malisho yanaisha, kila familia inataka kuuza kabla mnyama afe, wote wanapeleka soko siku moja, bei inaanguka. Wakati huo huo unga inapanda. Kwa hivyo mbuzi yule yule anayenunua gunia la unga mwaka mzuri, mwaka mbaya hafikishi hata nusu. Huyo mtoto ameishi hiyo chapter. Kati ya 2020 na 2023 mvua ilikataa misimu mitano mfululizo, mifugo ikaisha. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia: ile kitu uliona kwa boma lenu inaitwa ongezeko la supply, na hivi ndivyo unaichora.

Ama maziwa ya ngamia. Mvua ikinyesha maziwa yanajaa, yanaharibika kwa joto, huwezi kuyaweka ukingoje bei ipande. Ama mpaka wa Somalia: ulifungwa 2011, Mei 2023 serikali ikasema itaufungua pole pole, Julai ikaahirisha baada ya mashambulizi. Hiyo ni biashara ya kimataifa, iko karibu na mlango wao.

Nikaanza kuwapima matutor na swali moja tu: "Karibu na Idd ya kuchinja bei ya mbuzi inapanda. Mchoree mtoto ni laini gani imesonga na kwa nini." Mmoja alichora supply. Mwingine, graduate mzima, akaniambia hiyo si economics, ni dini. Wa tatu akasema demand imesonga kulia juu watu wengi wanataka kununua kwa wakati mmoja, alafu akaongeza bila kuulizwa kwamba wafugaji wengine hushikilia mbuzi zao wakingoja hiyo bei, kwa hivyo hata supply ya wiki za kabla ya Idd inaguswa. Hapo nikajua nimefika.

Huyo wa tatu ni dem wa campus, anasomea ualimu, kwao ni Ijara na alikuwa amekuja nyumbani. Hatumtaji jina, ana assignments za kutosha. Lakini angalia mahali alitoka. Hakutoka kwa tangazo lolote. Alitoka kwa headteacher wa primary ya hapo, ambaye anakumbuka kila mtoto aliyepita KCSE na alifanya nini. Kama unatafuta tutor sehemu kama hizi, anzia hapo. Muulize nani alipata B ya Business miaka ya juzi na saa hii yuko nyumbani. Form 4 leaver anayengoja kujiunga na chuo hana degree lakini marking scheme bado iko kwa kichwa. Kwa upande wa cash book na ledger, kaa na msee wa duka ama wa M-Pesa anayeandika float yake kila jioni. Huyo hajui neno "debit" lakini akikosea hesabu anakosa chakula, kwa hivyo hakosei.

Kuna wenye wataniambia si asome online. Ningependa. Wakati wa Corona, Eneza walikuwa na Shupavu 291, mtoto anasoma kwa SMS hata na kabambe, na hiyo ilikuwa idea safi. Lakini North Eastern minara ya simu imelipuliwa mara kadhaa, na ikienda, darasa lako la Zoom linaenda nayo. Mimi mwenyewe nilikatika katikati ya elasticity. Simu iwe ya kusaidia, msingi uwe mtu.

Mambo ya ground sasa, na hapa nabonga na wazazi na mabro wakubwa. Usifanye tuition ndani ya shule wakati wa likizo ukiita watoto wote. Basic Education Act ya 2013 inakataza tuition ya likizo, na faini inaweza kufika 100,000 ama kifungo cha mwaka. Fanyia nyumbani. Panga saa na duksi, usimfanye mtoto achague kati ya Qur'an na ledger, juu mamake ashachagulia. Maliza kabla giza, kila mtu afike kwao jua likiwa juu. Na kama mwanafunzi ni msichana na tutor ni mwanaume, wawe mahali wazi na watoto wengine, mkubwa wa nyumba akiwa karibu. Tutor mzuri hatakasirika ukimwambia hivyo. Akikasirika, umeokoa pesa.

Pesa yenyewe, msiibebe peke yenu. Sisi tumepata wasichana watano wa Form 3, kila familia inatoa kidogo, inakusanyika inakuwa kitu ya maana kwa mtu wa campus. Na kwa hesabu ya harakaharaka, mmoja kati ya hao watano akipata C+ ya Business na aende kusomea ualimu, ile duara niliwaambia imekatika mahali moja.

Wameanza Jumatatu iliyopita. Binamu ameniandikia kwamba huyu mpya anafundisha poa kuliko mimi, na nimekubali hiyo dharau. Kuna shida moja imebaki: cash ya abti iko chini mwezi huu, kwa hivyo ameuliza kama anaweza kumlipa ticha na mbuzi. Ticha amesema sawa, lakini ampewe saa hii, sio baada ya Idd.