Sauti ya Katharine Hepburn na Waumini Wasiopewa Maneno

Katharine Hepburn hakuwa na sauti nzuri. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaomsifu huanza na mashavu yake, au suruali alizozishikilia wakati studio zilipotaka avae gauni, au zile tuzo nne za Oscar za uigizaji bora ambazo hakuna mwigizaji mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyefikia idadi yake. Sauti yenyewe ilikuwa kali, ya puani kidogo, yenye mwendo wa haraka, na ilikatika mahali ambapo msikilizaji hakutarajia. Ujanani ilipanda mno kila alipohamaki, uzeeni ilitetemeka. Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 tangu afariki tarehe 29 Juni 2003, ukiifunika picha na kuacha sauti tu, utamtambua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Ni malenga wangapi miongoni mwetu ambao shairi lao likinyang'anywa jina bado litajulikana ni lao kwa mshororo mmoja?

Ndiyo maana naona mwigizaji huyu anatuhusu sisi tunaoshughulika na maneno kuliko anavyowahusu wapenzi wa mitindo ya mavazi. Kilichomdumisha ni namna alivyoyashika maneno na kukataa kuyaachia. Lakini filamu yake iliyofika karibu zaidi na kwetu inatuuliza swali gumu juu ya sauti hiyohiyo, na sitalikwepa.

Alizaliwa Hartford, katika jimbo la Connecticut, tarehe 12 Mei 1907, katika nyumba ya wasemaji. Baba alikuwa daktari wa upasuaji. Mama alipigania haki ya wanawake kupiga kura, na baadaye haki yao ya kupanga uzazi. Watoto sita walikua wakisikia mabishano ya wakubwa mezani na wakiruhusiwa kutia neno lao. Alipomaliza masomo katika chuo cha Bryn Mawr mwaka 1928 alikimbilia jukwaani, na mwaka huohuo akapewa nafasi kubwa katika tamthilia iitwayo The Big Pond. Alisema mbiombio hata watazamaji wasimfuate, akaachishwa kazi baada ya onyesho moja. Kuna watu wangesikia hukumu hiyo wakaenda kutafuta sauti nyingine ya kuazima. Yeye alijifunza pumzi na matamshi kwa mwalimu wa sauti huko New York, lakini lafudhi ya kwao akabaki nayo.

Kupanda kwake kulikuwa kwa ghafla. Filamu ya kwanza ilitoka 1932. Mwaka uliofuata alicheza Morning Glory, iliyompa Oscar ya kwanza, na Little Women, ambamo alikuwa Jo, msichana mwandishi. Kuanguka nako hakukuchelewa. Aliporudi jukwaani New York mwishoni mwa 1933 katika tamthilia ya The Lake, inasimuliwa kuwa mwandishi Dorothy Parker alimkejeli kwa kusema kwamba ameonyesha hisia zote, kuanzia herufi A hadi herufi B. Kejeli hiyo imeishi kuliko tamthilia yenyewe, jambo ambalo sisi tunaopenda malumbano tunalielewa vyema. Kufikia 1938 wenye majumba ya sinema walimtangaza, yeye na nyota wengine kadhaa, kuwa sumu ya mauzo ya tiketi. Mwaka huohuo ndio alioonekana katika Bringing Up Baby, kichekesho ambacho watazamaji wa wakati ule walikipa kisogo na ambacho leo wahakiki wanakihesabu miongoni mwa vichekesho bora vya Hollywood. Kasi ya maneno iliyomfukuzisha kazi miaka kumi kabla ndiyo inayokiendesha kichekesho hicho.

Sasa tazameni alichofanya. Aliilipa studio ya RKO ili imfungue mkataba, akarudi kwenye tamthilia. Mtunzi Philip Barry alikuwa akiandika The Philadelphia Story akimfikiria yeye, na haki za kuigeuza kuwa filamu zikanunuliwa kwa ajili yake kwa msaada wa Howard Hughes. Tamthilia ilipofana jukwaani mwaka 1939, Hollywood ikaja kubisha hodi, ikamkuta mwenye mali mlangoni. Louis B. Mayer wa MGM aliyetaka hadithi hiyo alipaswa kumchukua na yeye, na kumsikiliza katika kuchagua mwongozaji na waigizaji wenzake. Filamu ilitoka 1940 na ile sumu ikasahaulika. Kisa hiki ningependa kila mshairi wa Kiswahili akijue kabla ya kutia saini karatasi yoyote ya mchapishaji au ya studio ya muziki. Tumewahi kusikia mashairi yakiimbwa redioni bila jina la mtunzi kutajwa, achilia mbali malipo. Hepburn alitambua mapema kwamba anayemiliki maneno ndiye anayeketi kwenye kiti.

Kuanzia 1942 hadi 1967 alicheza filamu tisa na Spencer Tracy, na mtu anayependa kujibizana kwa beti asizikose, hasa Adam's Rib ya 1949, ambamo mume na mke wote ni mawakili na wanakutana mahakamani pande mbili za kesi moja. Tracy husema kwa uchache, kama mtu anayehesabu mizani. Hepburn humwaga maneno. Utamu hauko katika nani ameshinda. Uko katika ule muda mfupi ambao Tracy hanyanyui hata kope, na Hepburn anatambua kuwa amejibiwa. Washairi wetu wanaolumbana magazetini mara nyingi hujaza kila nafasi kwa tusi la vina. Wangejifunza kwa Tracy kunyamaza, na kwa Hepburn kusikiliza huku wanasema.

Sauti hiyo ilikuwa na mipaka, na heri tuitaje. Mwaka 1944 alipakwa vipodozi ili aonekane mwanamke wa Kichina katika Dragon Seed. Macho yalibandikwa umbo jingine, lakini kinywa kilibaki cha Connecticut, na matokeo yake yanaudhi kuyatazama. Nadhani ni katika filamu hiyo tu ambapo sauti yake inasikika kama uongo. Afadhali alivyofanya katika Shakespeare: mwaka 1955 alizunguka Australia na kundi la Old Vic kutoka London, akicheza, pamoja na nafasi nyingine, Portia wa The Merchant of Venice. Kwetu sisi tamthilia hiyo ni Mabepari wa Venisi, iliyofasiriwa na Mwalimu Nyerere na kuchapishwa 1969. Mtu aliyesoma maneno ya Portia katika Kiswahili cha Mwalimu anajua kwamba yanahitaji msemaji asiyeogopa kusemwa kuwa anajidai.

Uzee nautaja kwa haraka ingawa ulimpa tuzo tatu kati ya nne: Guess Who's Coming to Dinner ya 1967, The Lion in Winter ya 1968 na On Golden Pond ya 1981. Alikuwa na mtetemo wa kichwa na sauti uliokuwa wa kurithi. Hakuuficha. Katika filamu ya mwisho kati ya hizo, sentensi zake zinatikisika kama jani, na kila moja inafika inakokwenda.

Filamu moja nimeiacha nyuma makusudi. The African Queen ya 1951 iliongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya 1935. Hadithi yake inatokea Septemba 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani sehemu kubwa ikiwa ni Tanzania ya leo. Rose Sayer ni dada wa mmisionari Mwingereza. Wajerumani wanachoma kijiji, kaka anafariki, na Rose anapanda mashua kuukuu ya Charlie Allnut, aliyechezwa na Humphrey Bogart, wateremke mto Ulanga hadi ziwani wakaizamishe meli ya kivita ya Wajerumani. Watu wa Ulanga watacheka kidogo hapo, maana mto wao wa kweli unaingia Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Hauna habari na ziwa lolote. Meli ya hadithi, kwa upande mwingine, ina ndugu yake wa kweli: Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikaitwa Liemba.

Picha za nje zilipigwa kando ya mto Ruiki, Kongo, na kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hepburn aliugua tumbo vibaya. Katika siku za mwanzo Huston aliona Rose wake amenuna mno, akamshauri amcheze kama Eleanor Roosevelt anapowatembelea askari majeruhi: uso wenye tabasamu la wajibu. Miaka mingi baadaye, katika kitabu alichokitoa 1987 juu ya upigaji wa filamu hiyo, Hepburn aliusifu ushauri huo kupita mwelekeo wowote aliowahi kupewa. Unausikia katika sauti. Rose wa mwanzo anatamka kila silabi kana kwamba kuna mtu mgonjwa chumba cha pili. Anamwita mwenzake Bwana Allnut kwenye chai, kwenye maporomoko, hata wakati anapomwaga pombe yake yote mtoni, chupa baada ya chupa. Ndipo, wakiwa tayari wamependana, anamwuliza jina lake la kwanza. Kwa sisi ambao lugha yetu inapima umbali wa watu kwa namna wanavyoitana, hapo pana hadithi nzima ya mapenzi, nami sijaona mwigizaji aliyeisema kwa uchache zaidi.

Lakini kabla ya hayo yote kuna ibada. Filamu inafunguka ndani ya kanisa la kijiji. Kaka anaongoza wimbo, Rose anapiga kinanda huku jasho likimtoka, na waumini Waafrika wanatoa mlio usio na neno hata moja, kelele tupu, ili mtazamaji acheke. Muda mfupi baadaye Allnut anatupa kipande cha sigara, nao wanakigombania. Kisha kijiji kinachomwa, watu wanaswagwa, na filamu haiwakumbuki tena. Hakuna Mwafrika hata mmoja anayepewa jina pamoja na usemi unaobeba hadithi.

Mtu atasema hizo ndizo filamu za zama zile. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu nchi iliyotajwa kwenye picha haikuwa bubu. Mwaka 1914 Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuchapishwa miaka zaidi ya 20. Huko Tanga kulikuwa na gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alikuwa ameshatunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, naye Abdul Karim bin Jamaliddini aliutungia utenzi Maji Maji. Kwa maneno mengine, Wajerumani walewale ambao filamu inamhitaji Rose awapambanue walikuwa wamekwisha kupambanuliwa kwa vina na mizani na watu wa nchi hiyo. Na wale walioswagwa? Vita vile vya mabeberu viliwachukua maelfu kwa maelfu kuwa wapagazi wa pande zote mbili, na jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza limebaki mdomoni mwetu kila tunapotaja Kariakoo. Hata mafundi wa filamu walipopiga kambi Ruiki walikuwa katika eneo ambalo watu wake husema Kiswahili cha Kongo. Lugha ilikuwa imewazunguka. Hawakuitaka.

Je, tumwache Hepburn kwa ajili hiyo? Siafiki. Wanaotaka tumtupe wanatutaka pia tuisahau ile ibada, na mimi nataka ikumbukwe kwa undani, sauti kwa sauti. Wala sikubaliani na wanaomtetea kwa kusema yeye aliajiriwa tu. Mwanamke aliyemwamuru Mayer namna ya kutengeneza filamu alijua thamani ya kuwa na maneno yako mwenyewe. Katika eneo lile la kanisa yeye ndiye aliyeketi kwenye kinanda. Uzuri wa uigizaji wake na aibu ya tukio vimo katika fremu moja, na mtazamaji mzima anaweza kuvibeba vyote viwili.

Sisi tunayo njia ambayo wenyewe hawakuifikiria. Katika vibanda vya video vya Tanzania na Kenya, wasimulizi wa filamu kama marehemu Lufufu na DJ Afro wamezoeza watu kusikia Kiswahili juu ya picha za kigeni. Hawafasiri kwa utii. Huongeza, huchokoza, humpa jina hata mpita njia. Ningependa kumwona mshairi akikaa na The African Queen kwa namna hiyo, amwachie Rose sauti yake yote, kisha awaandikie waumini wale maneno ya kuimba. Ningependelea utenzi, mizani minane, kwa kuwa ndio mtindo ambao nchi hiyo ilikuwa ikiutumia wakati huo kusimulia vita. Ile ibada ni ya dakika chache tu. Beti 30 zitatosha.