Heshima ya Daktari Si Maneno Matupu

Katika nchi yetu ya Uganda ni kazi chache zisifiwazo kama udaktari. Mwulize mzazi ye yote angependa mwanawe awe nani, naye atakujibu mara moja: daktari. Lakini daktari huyo huyo akidai ujira wa haki, watu wale wale humwita mtu wa tamaa. Mimi nasema kwamba sifa za namna hiyo ni maneno matupu. Heshima ya kweli ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mshahara unaostahili, nayo ni juu ya Serikali. Ya pili ni mwenendo wetu wa kila siku, nayo ni juu yako na yangu.

Tuanze na mshahara. Mwezi wa Novemba 1917 umepita zamani sana, lakini Novemba 2017 twaikumbuka sote: chama cha madaktari wa Uganda kiliwaita wanachama wake waache kazi katika hospitali za Serikali. Wakati ule daktari wa kawaida alipata shilingi 1,100,000 hivi kwa mwezi, naye amekwisha kusoma miaka 5 katika chuo kikuu na kufanya mwaka 1 wa mafunzo hospitalini. Mwaka 2018 mshahara huo ulifika shilingi 3,000,000, na mwaka 2022 ukafika shilingi 5,000,000. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini madaktari vijana walio katika mwaka wa mafunzo hawakuwa na bahati hiyo. Posho yao ilipandishwa mpaka shilingi 2,500,000, kisha mwaka 2023 ikashushwa mpaka shilingi 1,000,000. Na hao ndio wakeshao wodini usiku, wakati sisi tumelala.

Wengine husema kwamba udaktari ni wito, na mwenye wito hahesabu fedha. Humtaja Dr. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu. Mwaka 2000 alikuwa hapa Kampala akisoma, akaitwa arudi kwa sababu ya ugonjwa usiojulikana. Akautambua kuwa ni Ebola, akawauguza wagonjwa, naye mwenyewe akafa kwa ugonjwa huo tarehe 5 Desemba 2000. Hapana shaka yule alikuwa shujaa. Lakini alichotoa kilikuwa zawadi, na zawadi haidaiwi. Si haki kumtumia marehemu ili kumnyima aliye hai chakula cha watoto wake.

Wengine husema kwamba mgomo huwaumiza maskini. Hilo ni kweli kabisa. Tajiri huenda hospitali ya kulipia, au hupanda ndege kwenda India. Maskini hurudi nyumbani na mgonjwa wake. Ndiyo maana ahadi zitimizwe mapema, na mshahara ulipwe kwa wakati, kabla mambo hayajafika huko. Tena daktari aliyelipwa vema hana udhuru wa kuchelewa kazini wala wa kuomba kitu kidogo kwa mgonjwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi tumlipe kwa haki, na tumdai kazi kwa haki.

Sasa nageuka kwetu sisi, maana ni rahisi kuilaumu Serikali. Tazameni bonde la Katanga, lililo kati ya kilima cha Makerere na kilima cha Mulago. Hospitali kubwa iko juu yake kabisa, lakini hospitali haiwezi kuwafungia watu chandarua. Mtoto alalaye bila chandarua hupata malaria, hupelekwa hospitali, na huchukua saa ya daktari ambayo ingekuwa ya mama aliyeshindwa kujifungua. Kijana apandaye bodaboda bila kofia ya chuma huchukua saa nyingine. Kila ugonjwa ambao tungaliweza kuuzuia ni wizi wa wakati wa daktari, na anayeibiwa ni mgonjwa mwenzetu.

Kwa hiyo yatupasa kushika mambo haya. Tunawe mikono kwa sabuni tutokapo chooni na kabla ya kula. Tuchemshe maji ya kunywa, hata yakiwa yanaonekana safi. Tusitupe kavera katika mifereji, maana mfereji ukiziba, mvua huyaleta maji machafu majumbani. Tusinunue vidonge nusu dozi dukani na kuacha tupatapo nafuu. Tusiende kwa daktari siku ya mwisho, baada ya kujaribu kila kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Zaidi ya yote tumwambie daktari kweli. Ebola ilipozuka mwaka 2022 kutoka wilaya ya Mubende, mtu mmoja aliyekuwa akiangaliwa alitoroka, akaficha jina lake, akafia hospitalini hapa Kampala. Katika mlipuko ule wafanyakazi 7 wa afya walikufa, na mmoja wao alikuwa daktari kijana kutoka Tanzania aliyekuja kwetu kusomea upasuaji. Mgonjwa afichaye habari zake humpeleka daktari vitani bila ngao.

Wanafunzi wenzangu, baadhi yenu mtakuwa madaktari. Wengine mtakaa katika ofisi zinazopanga mishahara, na karibu sote tutapiga kura. Mkifika huko msisahau posho ya yule kijana wa wodini. Lakini leo, kabla hatujafika huko, sabuni ipo, chandarua kipo, na ulimi wa kusema kweli tunao. Tuanze na hivyo.

Mwanafunzi wa Kidato cha VI