Mtoto wako si mhusika wa mchezo



Siku za mbalamwezi mwalo wa Katonga, hapa Kigoma, hutulia. Mwezi uking'aa, dagaa hawaifuati taa. Boti nyingi hubaki ufukweni, nyavu zinashonwa, na vijana wanapata nafasi ya kukaa kivulini na simu zao. Wengine wanaangalia mpira. Wengine wanacheza ile michezo ambayo unatengeneza mtu wa kubuni, unampa jina, sura na nyumba, halafu unamchagulia kazi ya kufanya maishani.

Mashuhuri kati ya michezo hiyo ni The Sims, uliotoka Marekani mwaka 2000. Matoleo yake ya baadaye yanachezwa hata kwenye simu. Katika lile toleo la kwanza, gazeti linaletwa nyumbani kwa mtu wako, unalifungua, unaona nafasi ya kazi, unaikubali kwa niaba yake, na gari linakuja kumchukua. Njia za kazi zilikuwa kumi, zikiwemo udaktari, sayansi, siasa, jeshi, biashara, hata uhalifu. Kila njia ilikuwa na ngazi kumi. Ukimlisha, ukamlaza kwa wakati, ukamjengea ujuzi na marafiki wa kutosha, anapanda.

Sina ugomvi na mchezo huo. Mtu aliyevua usiku mzima wiki mbili mfululizo ana haki ya kupumzika. Kilichonifikirisha ni kitu kimoja kilichomo ndani yake: kuna sehemu ya kuwasha na kuzima utashi huru. Ukiuzima, mtu wako hafanyi lolote kwa hiari yake. Anaweza kusimama na njaa karibu na friji iliyojaa chakula, akisubiri umwamuru ale.

Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na kutujua kabla hatujazaliwa, hakutuwekea kitufe cha namna hiyo. Alimwacha Adamu achague, na Adamu akachagua vibaya. Alimtuma malaika Gabrieli kwa Bikira Maria, na mpango mzima wa wokovu ukasubiri jibu la binti wa Nazareti. Yule mtu mwenye mali nyingi alipoukataa wito, Marko anatuambia kwamba Yesu alikuwa amemtazama na kumpenda (Mk 10:21-22). Hata hivyo hakumshika mkono kumzuia. Alimwacha aende zake na huzuni yake.

Mzazi mwenzangu katika imani, sisi ndio tunaokitafuta kitufe hicho. Tangu mwaka 2024 wanafunzi wanaomaliza kidato cha nne wana tahasusi 65 za kuchagua kwa ajili ya kidato cha tano. Ni jambo jema. Lakini katika nyumba ngapi kijana anajaza fomu huku baba amesimama nyuma yake akimwambia cha kuweka? Mtoto anapenda historia, anaandikiwa Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa sababu ukoo unataka daktari. Mwingine mikono yake ina akili ya ufundi, na mkondo wa amali upo, lakini mama anaona aibu kuwaambia wanajumuiya kwamba mwanawe anasomea useremala. Na yupo binti ambaye hakuulizwa kabisa: alibakizwa kwenye vichanja vya dagaa akisubiri mtu wa kuleta mahari, wakati kaka yake mwenye alama za chini kuliko zake anatafutiwa ada.

Injili ina familia moja ya wavuvi ambayo watu wa Katonga wataielewa haraka. Yesu alipita kando ya ziwa, akawaita Yakobo na Yohane walipokuwa wakitengeneza nyavu. Wakamwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara (Mk 1:19-20). Anayejua kazi ya ziwa anajua baba huyo alipoteza nini asubuhi ile: mikono minne ya kuaminika, na warithi wa chombo. Injili haisemi kwamba aliwafuata kuwarudisha.

Mama yao naye alikuwa na mipango. Alimwendea Yesu akaomba wanawe wakae mmoja kuume na mwingine kushoto katika ufalme wake (Mt 20:20-23). Ni mama kama mama yeyote. Aliwatakia watoto wake ngazi ya kumi. Angalia Yesu alivyojibu. Hakumkemea mama. Aliwageukia vijana wenyewe, akawauliza kama wanaweza kukinywea kikombe atakachokinywa yeye. Ombi lilikuwa la mama, lakini kikombe kilikuwa cha wana, na swali likaenda kwa watakaokinywa.

Msidhani kosa hili ni la wanaotaka watoto wawe madaktari na wanasheria tu. Sisi Wakatoliki tuna la kwetu. Kuna wazazi wanaompeleka kijana seminari kwa sababu waliweka nadhiri alipokuwa mgonjwa, au kwa sababu ukoo haujapata padre. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipelekwa monasteri ya Monte Cassino akiwa mtoto, na familia yake ilitumaini siku moja awe abati wake, cheo kikubwa cha heshima. Yeye akachagua kuwa ndugu ombaomba katika shirika jipya la Wadominiko. Mwaka 1244 ndugu zake wa damu walimkamata njiani, na familia ikamshikilia karibu mwaka mzima ili abadili nia. Hakubadili. Ona ajabu yake: walikuwa wanagombania wapi amtumikie Mungu, na bado walikuwa wanamlazimisha.

Kanisa halikuliacha jambo hili kwenye hisia za mtu. Sheria za Kanisa, kanuni ya 219, inampa kila mwamini haki ya kuchagua hali yake ya maisha bila kushurutishwa. Kanuni ya 1026 inakataza kabisa kumlazimisha mtu apokee daraja takatifu. Na Katekisimu, namba 2230, inawaonya wazazi wasiwashinikize watoto wao katika kuchagua kazi au mchumba. Lakini namba hiyo hiyo inasema kwamba kujizuia huko hakumwondolei mzazi kazi ya kutoa ushauri wenye busara. Mzazi aliyenyamaza kabisa naye ameacha kazi yake.

Najua swali linalokuja: "Padre, unazungumza habari za kuchagua, sisi tunachagua nini? Mtoto wa mvuvi anachagua kati ya mtumbwi na mtumbwi." Ni swali la haki, wala silijibu kwa mistari ya Biblia peke yake. Umaskini nao unazima utashi wa watu. Uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane, nyumba nyingi za mwambao ziligundua kwamba kazi zote za familia zilikuwa ndani ya chombo kimoja. Ndiyo maana ada ya chuo cha ufundi, kwa binti na kwa kijana, ni suala la imani pia. Parokia inayochangia kengele na kanzu mpya inaweza kukaa chini ikapanga namna ya kumsomesha mtoto mmoja wa jumuiya kila mwaka.

Lakini tusiudharau mtumbwi. Bwana wetu alijulikana kijijini kwao kama seremala (Mk 6:3), na Mtume Paulo alishona mahema (Mdo 18:3). Kijana aliyefikiri, akaomba, akaona kwamba mahali pake ni ziwani, huyo amechagua. Avue kwa nyavu halali, awalipe wenzake haki yao, asinywe mapato yote kabla hayajafika nyumbani. Huo ni wito kamili.

Mwambao huu una mtu anayetufundisha hayo vizuri. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Mto Niger, katika nchi tunayoiita Mali leo. Akiwa mtoto alitekwa akauzwa utumwani, mpaka Mapadre Weupe walipomkomboa. Alisomea utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwetu kwenye ziwa hili hili. Akawa tabibu na katekista, akaoa, akawatibu wagonjwa na kuwafundisha wakatekumeni pale pale hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Kwa hesabu za mchezo, huyo hakupanda ngazi hata moja. Alianza katekista akafa katekista. Mtu aliyewahi kuwekewa bei sokoni kama mbuzi alimaliza maisha yake akiwa mtumishi wa Mungu na wa watu, na Karema haijamsahau.

Nanyi vijana, msishangilie mapema mkidhani nimewapa ruhusa ya kutowasikiliza wazazi. Uhuru wenu nao si wa mchezo. Kwenye simu ukiharibu maisha ya mtu wako unamfuta unaanza upya, hakuna aliyelia. Huku nje kuna mama aliyeuza shamba la michikichi ulipie ada. Kazi ya kuchagua inadai uombe, ujichunguze unaweza nini, uulize wanaoifanya kazi hiyo, na ukishaanza uvumilie siku ngumu. Anayebadili njia kila mwezi hajawa huru bado. Anasukumwa na upepo kama boti iliyozima injini.

Basi mzazi afanye nini? Msome mzee Eli katika sura ya tatu ya Samweli wa Kwanza. Mtoto Samweli alisikia sauti usiku, akamkimbilia Eli mara tatu akidhani ndiye anayemwita. Mara ya tatu Eli akatambua kwamba Bwana ndiye anayemwita kijana, akamfundisha namna ya kujibu. Hakujibu kwa niaba yake. Akamrudisha akalale, naye akabaki kitandani kwake akisubiri. Asubuhi akataka kusikia kila neno, bila kufichwa. Neno lenyewe lilikuwa chungu, hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe, naye akalipokea.

Hilo ndilo gumu, kusikia kutoka kwa mtoto neno linaloharibu mipango yetu na kulipokea. Leo baada ya Misa, kabla ya kumwuliza mwanao amepata alama ngapi, mwulize anapofikiri mbele ya Mungu anajiona akifanya nini. Kisha nyamaza, amalize kusema.

Nawatakia Dominika njema.