Mgonjwa wa kiharusi karudi Nyanga, nani amfuate?

Tukizungumzia kiharusi, mazungumzo yetu huishia hospitalini. Tunauliza kama mashine ya kupiga picha ya ubongo ipo, kama dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda imefika, kama gari la wagonjwa lina mafuta. Ni maswali ya haki. Dawa hiyo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka picha ithibitishe kwamba ubongo hauvuji damu. Mvuvi aliyeanguka Goziba au Bumbire, visiwa vya Wilaya ya Muleba, saa hizo anazimalizia ziwani. Aliyeko Muleba mjini ana karibu kilomita 70 kufika Bukoba, na kutoka Bukoba hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, ni karibu 400. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko. Safari bado ni ndefu kuliko saa za dawa.

Kwa hiyo watu wetu wengi wanaonusurika hunusurika bila dawa hiyo. Wanalazwa, presha inashushwa, wanaruhusiwa kurudi Nyanga, Kamachumu au Nshamba na mkono uliolegea, mguu unaoburuta, pengine na ulimi uliogoma. Hapo ndipo ugonjwa wa pili unapoanza, ule wa kukaa. Fedha ya kiharusi katika Bukoba na Muleba, hiyo kidogo iliyopo, naona ingeanza na mtaalamu wa mazoezi tiba anayepiga hodi nyumbani, ndipo zifuate mashine.

Najua jibu la kwanza litakuwa kinga. Tupime presha, tupunguze chumvi, tuache sigara. Nakubali. Utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010, ulikuta kiharusi kipya kwa watu 108 hivi kati ya kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315 hivi Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Haukufika mkoani kwetu Kagera, lakini hakuna sababu ya kudhani sisi tumesalimika. Presha ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote na haina maumivu ya kumwambia mtu aende zahanati. Ila kinga na mazoezi tiba havigombei mfuko mmoja kama tunavyoambiwa. Aliyepata kiharusi mara moja yumo hatarini kukipata tena. Anayekuja kumnyoosha mkono anaweza kufunga kipimo cha presha kwenye mkono huohuo, kisha kwenye mkono wa mkewe, kisha wa mwanawe.

Wengine watasema mazoezi ni kazi ya familia: mfundisheni mke au binti kabla mgonjwa hajatoka wodini, basi. Hoja hii inavutia kwa sababu ni rahisi, na ndiyo tunayoifuata bila kuitangaza. Ilipimwa India, katika hospitali 14, kwa wagonjwa 1,250. Ndugu walifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi, wakaendelea nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokufa au kubaki wategemezi hawakupungua ukilinganisha na waliopata huduma ya kawaida. Upendo wa ndugu haukutosha, na wala si kosa lao.

Linganisha na utafiti wa Marekani wa 2011. Watu 408 waligawanywa: baadhi walitembezwa juu ya mkanda wa mashine huku wamefungwa mishipi ya kuwabeba, wengine walitembelewa nyumbani na mtaalamu wa mazoezi tiba aliyewafanyisha mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Mwaka ulipoisha, zaidi kidogo ya nusu walikuwa wamepiga hatua katika kutembea, na mashine haikuwashinda wa nyumbani. Hata waliochelewa, wakaanza mashine miezi sita baada ya kiharusi, nao walisogea mbele. Yule anayemwambia mzee kwamba "miezi mitatu imepita, hapo ndipo mwisho" anamnyang'anya kitu ambacho mwili bado unacho.

Kwa hiyo kinacholipa ni ujuzi unaoingia ndani ya nyumba. Na mkoa huu si mgeni wa jambo hilo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watu wetu walijifunza kumhudumia mgonjwa kitandani kwake: wauguzi, makanisa, wanakijiji waliojitolea, wakipita kibanja kwa kibanja. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga zaidi ya 137,000 nchi nzima. Mhudumu huyo si mtaalamu wa mazoezi tiba, na ule utafiti wa India unatuonya tusimgeuze kuwa hivyo. Lakini anaweza kuhakikisha dawa za presha hazikatizwi, kuona kidonda cha mgongo kabla hakijachimba, na kumwita mtaalamu anayezunguka kwa pikipiki kutoka hospitali kama Ndolage, Rubya au ile ya rufaa ya Mkoa.

Faida nyingine ya kufika nyumbani ni kuona kile ambacho hospitali haikijui: mgonjwa anarudi kufanya nini. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai mwenye mguu mmoja tu wenye nguvu. Fundi seremala anaweza kumtengenezea kiti chenye tundu. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na njia ya kwenda huko chooni ni utelezi, kwa hiyo fito za kushikilia zina thamani kubwa kuliko kiti cha magurudumu kinachozama matopeni. Kumenya ndizi kwa mkono mmoja kunawezekana ukipigilia misumari ubaoni ikashika ndizi. Mama aliyerudi kumenya ndizi za chakula cha jioni si mgonjwa tena machoni pa wajukuu, hata kama mkono haukurudi. Hata kazi kubwa huwezekana baada ya kiharusi: mwanasayansi Louis Pasteur alikipata mwaka 1868, upande wa kushoto ukabaki dhaifu, na chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilikuja 1885.

Karibu theluthi moja ya walionusurika hupata sonona, nasi tunaiita uvivu au kususa. Waliopoteza maneno wanatendewa vibaya zaidi, wanasemewa kana kwamba hawapo. Wengi wao akili ni timamu, na baadhi huweza kuimba wimbo ambao hawawezi kuutamka. Kwaya iliyozoea kumwona mtu kila Jumapili ina sababu ya kumpitia Jumatano.

Kisha kuna hesabu ambayo haimo kwenye bajeti yoyote: ya anayemgeuza kitandani usiku. Mara nyingi ni mke mwenye presha yake mwenyewe, au mkamwana aliyeacha kibarua. Pensheni ndogo ingewapunguzia mzigo. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara haina pensheni kama hiyo. Lakini Nshamba, hapohapo Muleba, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa pensheni ndogo wazee wanaolea wajukuu tangu 2003, kwa hiyo halmashauri haina haja ya kusafiri mbali kujifunza. Upande wa matibabu yenyewe, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Wabunge wetu wanapoulizia kitita chake, waulize pia kama ziara ya mtaalamu wa mazoezi tiba nyumbani imo, na ni ziara ngapi.