Jengo kuukuu likaguliwe kwa tarehe, si kwa maafa

Katika miji yetu jengo la ghorofa huangaliwa kwa makini mara mbili: linapoombewa kibali na linapoanguka. Katikati hapo kuna miaka 40 au 50 ya kupangishwa, kuongezewa matangi ya maji juu ya paa, kupakwa rangi na kubadilisha wamiliki, na ni nadra mhandisi kupanda ngazi zake. Hata Kariakoo, kamati ya kukagua majengo ya eneo lile iliundwa baada ya jengo kuporomoka Novemba 16, 2024 na watu kufukiwa. Ukaguzi wa jengo linalozeeka unapaswa kuwekewa tarehe na sheria, taarifa yake iwe wazi kwa wanaoishi ndani, na fedha za matengenezo zianze kuchangwa mapema. Kwa ukanda wa pwani, kutoka Mombasa hadi Mtwara, tumeshachelewa.

Zege huugua kwa ndani. Likiwa jipya, ukali wa saruji huiwekea nondo utando mwembamba unaozuia kutu. Miaka ikipita, hewa ya ukaa hupenya taratibu na kuupunguza ukali huo. Karibu na bahari, chumvi inayoletwa na upepo, au iliyoingia na mchanga wa ufukweni siku ya ujenzi, huutoboa utando wenyewe. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Ufa anaouona mpangaji umefuata njia ya nondo ni dalili ya ugonjwa wa siku nyingi. Fundi akiufunika kwa plasta na rangi, chumvi hubaki palepale, na mara nyingi kutu huhamia kwenye nondo ya pembeni ya kiraka. Tiba ya kweli ni kubomoa zege bovu mpaka nyuma ya nondo, kusafisha chuma, kubadilisha kilicholika na kuziba njia ya maji, ndipo zege lirudishiwe.

Kulitambua tatizo mapema hakuhitaji mitambo ya ajabu. Mkaguzi hugonga slabu kwa nyundo: zege zima hutoa mlio mkavu, lililoachana na nondo hutoa mlio wa kitu kitupu. Akimega kipande na kukinyunyizia fenoftalini, sehemu ambayo bado ina ukali wa kuilinda nondo hugeuka rangi ya waridi iliyokolea, na iliyoupoteza hubaki kijivu. Chumvi hupimwa maabara kwa unga wa zege uliotobolewa.

Lakini taarifa peke yake haiokoi mtu. Jengo la Champlain Towers South, mjini Surfside katika jimbo la Florida, Marekani, lilikamilika 1981. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba tabaka la kuzuia maji katika eneo la bwawa la kuogelea halifanyi kazi tena na slabu ya chini yake imeharibika vibaya. Wamiliki wakabishana juu ya gharama. Kufikia Aprili 2021 makadirio yalikuwa dola milioni 15, na akiba yao haikufika milioni 1. Juni 24 mwaka huo jengo liliporomoka usiku na kuua watu 98. Kanuni ya kaunti ilidai ukaguzi jengo linapofikisha miaka 40, yaani mwaka uleule. Mwaka uliofuata, Florida iliishusha tarehe hiyo hadi miaka 30, na 25 kwa majengo yaliyo karibu na bahari. Singapore, mji wa bahari na joto kama yetu, hukagua majengo ya makazi kila miaka 10 na mengine kila miaka 5.

Atakayepinga atasema Surfside ilikuwa na kasoro ya usanifu. Ni kweli: wachunguzi wa serikali ya Marekani wamebaini kwamba eneo la bwawa halikufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni tangu mwanzo. Hilo linaongeza haja ya ukaguzi, kwa sababu jengo lililozaliwa dhaifu huihimili kutu kwa muda mfupi zaidi. Pingamizi la gharama ni zito kuliko hilo. Florida, wastaafu walijikuta wakidaiwa fedha nyingi kwa mkupuo, na 2025 jimbo likalegeza baadhi ya masharti. Mzigo ulikuwa mkubwa kwa sababu michango iliahirishwa miaka mingi. Sheria ya Tanzania ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo na ile ya Kenya ya 2020 zinatambua umoja wa wamiliki. Hapo ndipo pa kuweka mfuko wa lazima, unaochangwa kidogo kidogo kila mwezi tangu jengo likiwa jipya.

Wapo pia wanaohofia kwamba ukaguzi utakuwa mlango wa rushwa. Rushwa hustawi penye siri. Basi mkaguzi atoke katika orodha ya bodi ya wahandisi, asipewe zabuni ya matengenezo ya jengo alilolikagua, na taarifa yake iwekwe kwenye rejista ambayo mpangaji, mnunuzi na benki wanaweza kuisoma. Wahandisi wakiwa wachache, hatua ya kwanza iwe ya macho na nyundo, na vipimo vya maabara vibaki kwa majengo yanayotiliwa shaka. Halmashauri zianze na majengo ya pwani yaliyozidi miaka 30, na mwenye jengo asiyewasilisha taarifa kwa wakati asiruhusiwe kuingiza mpangaji mpya.