Picha ya lumbesa imepelekwa kwa nani?

MTAZAMO WA WIKI
Na Gwamaka Mwaselela

Mkulima wa viazi wa Isongole, wilayani Rungwe, hahitaji kufundishwa lumbesa ni nini. Ni gunia lililojazwa mpaka mdomo, likaongezwa kilemba juu na kushonewa kamba, kisha likalipwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo hairuhusu. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo hadi limekuwa wimbo. Kijana mwenye simu janja, akiwa kando ya barabara ya Uyole kwenda Kasumulu malori yanapopakia, ana ushahidi mkononi. Anapiga picha, anaandika maneno mawili ya hasira, anaitupia kwenye kundi la WhatsApp, kundi linaisambaza kwa makundi mengine, na jioni hiyohiyo ndugu walioko Dar es Salaam wanaijadili. Kesho yake lori lingine linapakia lumbesa. Wanaowasifu vijana wa mtandaoni na wanaowabeza wote hulikwepa swali moja: picha ile ilipelekwa kwa nani, na kati ya wote walioiona, ni yupi aliyekuwa na wajibu wa kisheria wa kuijibu?

Anayesema vijana hawashiriki siasa anawatafuta mahali wasipokuwepo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na zaidi ya theluthi moja yao walikuwa na umri wa kati ya miaka 15 na 35. Katikati ya 2025, takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) zilionyesha laini zinazotumia intaneti zimepita milioni 50. Laini si watu, maana wengi wetu tunazo mbili au tatu, lakini hata ukipunguza nusu unabaki na umma ambao hakuna uwanja wa mpira nchini unaoweza kuubeba. Umma huo unajadili bei ya mbolea, ajira za walimu, mikopo ya halmashauri na barabara isiyopitika wakati wa masika. Kwa hiyo mazungumzo yapo, tena ya kutosha. Ninachodai katika safu hii ni kwamba mazungumzo hayo hugeuka nguvu pale tu yanapofikishwa kwenye chombo chenye mamlaka ya kuamua, yakiwa na jambo mahususi, tarehe na mtu wa kujibu. Na kwa kijana wa Isongole, chombo cha kwanza cha namna hiyo kipo kijijini kwake, hakihitaji bando, na mara nyingi hakimwoni.

Tuanze na mfano wa nyumbani. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza kukatwa, malalamiko yalifurika mitandaoni ndani ya siku chache. Watu waliweka picha za ujumbe wa makato, kiasi kilichotumwa na kiasi kilicholiwa. Serikali ilikubali kuitazama upya, Septemba ikaipunguza kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikaendelea kuipunguza hadi tozo ya kutuma fedha ikaondolewa katika bajeti ya 2023/24. Kelele ile ilifanikiwa kwa sababu ilikuwa na anwani. Kulikuwa na kanuni iliyoandikwa, jedwali la viwango, wizara moja na waziri mmoja, na kila mlalamikaji alishika karatasi ya hesabu iliyofanana na ya mwenzake. Linganisha na malalamiko ya jumla kwamba “maisha magumu” au “viongozi wametusahau”. Hayo yamepigiwa kelele kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi, lakini hayana afisa hata mmoja anayelazimika kuyajibu.

Mtu atanikumbusha Kenya. Juni 2024 vijana wa huko waliukataa Muswada wa Fedha kwa nguvu iliyoanzia TikTok na X, bila chama na bila kiongozi, na tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Je, hilo halithibitishi kwamba simu peke yake inatosha? Hapana, ukitazama walichokifanya kabla ya kuingia barabarani. Waliuchambua muswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za makabila yao, wakasambaza namba za simu za wabunge na kuwataka waseme watapiga kura upande gani. Nyuma yao kulikuwa na Katiba ya 2010 inayolilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Simu ilikuwa njia tu. Kilichoguswa kilikuwa muswada wenye siku ya kupigiwa kura. Tena walilipa gharama ambayo hakuna mwenye akili timamu anayepaswa kuitamani kwa watoto wake, kwa kuwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu vifo visivyopungua 60 katika miezi iliyofuata.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inampa kila mkazi aliyefikisha miaka 18 kiti katika mkutano mkuu wa kijiji. Haisemi aliyeoa, haisemi mwenye shamba, haisemi mwenye kadi ya chama. Mkutano huo ndio wenye kauli ya mwisho juu ya sera za kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kumwondoa mjumbe mmoja au wote. Kwa utaratibu unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na hapo husomwa mapato na matumizi. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikaijadili na wananchi, kisha ikaipeleka Tukuyu kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kwa maneno mengine, suala la lumbesa lina njia yake: mahali pamoja pa kuuzia viazi, mizani iliyohakikiwa, faini kwa anayenunua nje ya hapo, na jina la mtu wa kusimamia. Picha 40 zenye tarehe na uzito, zikifungwa pamoja na barua ya nusu ukurasa kwa mtendaji wa kijiji kuomba ajenda, ni jambo jingine kabisa kuliko picha 40 zilizopita kwenye makundi na kufutwa simu ilipojaa.

Kuna anayesema kwamba kijana hana nafasi mbele ya wazee, na kwamba hiyo ndiyo mila yetu Wanyakyusa. Mila yetu ilikuwa na mambo zaidi ya hayo. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1930, walieleza jinsi wavulana wa umri wa miaka kama 10 walivyoondoka kwenye makazi ya baba zao na kujenga kijiji chao pembeni, rika moja. Huko walijifunza kuongea, kubishana, kukaribishana na kuheshimiana wao kwa wao, na kijiji kile kilikua pamoja nao mpaka utu uzima. Lakini mazungumzo ya rika hayakuwa mwisho wa safari. Rika likishakomaa ilifika siku ya ubusoka: moto wa zamani ulizimwa na mpya kuwashwa, wazee walisogea, na utawala wa nchi na ardhi ukawekwa mikononi mwa kizazi kipya. Tusiupambe mfumo ule. Wasichana hawakuwa na kijiji chao, na wakuu wa vijiji vipya waliteuliwa na wazee. Baadaye ukoloni, uhaba wa ardhi na safari za kwenda migodini viliuvunja. Hata hivyo ulijua jambo ambalo sisi tumelisahau, kwamba kukaa na wenzako na kukabidhiwa nchi ni mambo mawili, na la pili lina siku yake inayojulikana. Leo vijana wana kijiji chao ndani ya simu, kimechangamka usiku na mchana. Siku ya kukabidhiana ndiyo haionekani, ingawa sheria ya 1982, kwa upole wake, imeiweka kwenye umri wa miaka 18 na kuwaingiza wasichana.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa wazee wala kwenye mila. Linatoka katika yaliyotokea mwaka 2024 na 2025. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji, huku vyama vya upinzani vikilalamika kwamba wagombea wao walienguliwa kwa wingi. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka uliofuata CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Mtandao wa X ulifungwa tangu Mei. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, vijana walipoingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na hapa Mbeya, intaneti ilizimwa nchi nzima, watu waliuawa, na siku chache baadaye Tume ya Uchaguzi ikatangaza ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani kwa asilimia 97.66 ya kura. Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kumwambia kijana aliyeyaona hayo aende kwenye mkutano wa kijiji kunaweza kusikika kama kumwambia anyamaze, ahangaike na viazi, mambo ya nchi awaachie wenyewe.

Silichukulii pingamizi hilo kwa wepesi, na sina jibu litakalomfuta mtu machozi. Mkutano wa kijiji hauwezi kuchukua nafasi ya uchaguzi huru, na mwenyekiti aliyepita bila kupingwa si sawa na aliyeshindanishwa. Lakini siku zile za giza la mtandao zilifundisha kitu. Siasa ambayo chombo chake pekee ni simu inaweza kuzimwa nchi nzima kwa amri moja, asubuhi moja, na kila kundi likawa kimya kwa pamoja. Mkutano wa Isongole hauzimwi kutoka Dar es Salaam. Unaweza kuahirishwa, unaweza kukosa akidi, unaweza kuendeshwa kibabe, na yote hayo hutokea. Ila kila moja ya kasoro hizo ina mtu anayefahamika kwa jina, anayeishi nyuma ya kilima kile, na anayeweza kuulizwa kwa nini. Zaidi ya hapo, kuna mambo ambayo kadi ya chama haiyagawi. Mwenyekiti wa CCM anayelima viazi naye huibiwa na lumbesa ileile. Hapo ndipo vijana wanaweza kujijengea rekodi ya kuuliza na kujibiwa, kitu ambacho miaka ya hasira mtandaoni haijawapa.

Kuna hatari pia ya kisheria inayostahili kutajwa bila kuzunguka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, na maneno yake ni mapana kiasi kwamba kijana hajui atakosea wapi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zimebadilishwa mara kadhaa tangu 2018, na VPN inatakiwa kutolewa taarifa TCRA. Upande wa pili ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Ina mianya yake, na wapo maafisa watakaoijibu kwa kukohoa. Lakini barua yenye tarehe ya kupokelewa na swali lililomo kwenye muhtasari wa kikao ni maandishi ambayo ni vigumu mtu kuyaita uchochezi.

Na vijana wasioishi Isongole? Wengi wameondoka: wako Uyole wakiendesha bodaboda, wako Tunduma, wako vyuoni, wako Dar es Salaam. Hawa hawana kiti katika mkutano wa kijiji, na hapa ndipo kundi la WhatsApp linapopata kazi yake halisi. Aliyeko chuoni asome sheria na aandike rasimu. Aliyeko sokoni Dar es Salaam atume bei ya siku, ili mkulima ajue dalali anamficha nini. Aliyebaki kijijini anyanyue mkono. Wale wasio na simu janja, wanawake wengi wakiwemo, hawatakuwa wametengwa, kwa sababu uamuzi utafanyika mahali wanapoweza kuingia kwa miguu.

Serikali nayo ina deni. Bunge lilipitisha Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania mwaka 2015, na muongo mzima ukapita bila baraza hilo kuundwa. Novemba 2025 Rais alianzisha wizara katika ofisi yake ya kushughulikia maendeleo ya vijana na kumteua Joel Nanauka kuiongoza. Wasiwasi wangu ni kwamba baraza likija litakuwa na makao makuu Dodoma, nembo nzuri na posho za vikao, na kijana wa Isongole ataliona kwenye televisheni. Ningependa waziri aanze na kitu kisichohitaji bajeti. Mtendaji wa kijiji anayepokea maagizo ya wilaya kwa WhatsApp saa nne usiku anaweza pia, siku saba kabla ya mkutano mkuu, kupiga picha ukurasa mmoja wa mapato na matumizi pamoja na ajenda, na kuutuma kwenye makundi ya wanakijiji. Hakuna sheria inayomkataza, na ukurasa huohuo ulipaswa kuwa tayari umebandikwa kwenye mbao za matangazo.