Tunaomba Kivuli, Tunapewa Ushauri

Kaskazi ikishashika, wanajitokeza watu redioni kutushauri sisi wakazi wa Dar es Salaam namna ya kuishi na joto. Kunyweni maji kwa wingi. Vaeni nguo nyepesi. Msitembee juani kati ya saa sita na saa tisa mchana. Punguzeni kahawa, punguzeni pilipili. Sisi wa kijiwe cha kahawa Magomeni tumesikiliza kwa adabu zote, na sasa tunaomba kusema machache.

Hiyo saa sita mpaka saa tisa ndiyo saa ya kazi. Kijana wetu wa bodaboda alilisema vizuri juzi, huku anajipepea kwa kofia yake ngumu: "Juu jua, chini injini. Nikikaa kivulini, nani atanipelekea hesabu kwa bosi?" Na kivuli chenyewe kiko wapi? Mwembe wa kona ulikatwa zikajengwa fremu za maduka, na nusu ya fremu zenyewe hadi leo hazijapata mpangaji.

Ndugu zetu wa bara wanadhani tunadeka. Ukimwambia mtu wa Dodoma leo ilikuwa nyuzi 33 anacheka, kwake hizo ni za kawaida. Lakini Dodoma ni kukavu. Huku hewa imejaa unyevu wa bahari. Jasho linatoka, halikauki, na jasho lisilokauka halimpoozi mtu. Usiku ndiyo balaa zaidi. Ukuta wa tofali za saruji ulioshinda juani unalirudisha joto chumbani saa tano usiku, feni inazungusha hewa ile ile ya moto, halafu umeme unakatika. Hapo utaona mtaa mzima uko nje na mikeka, na mbu nao wamepata habari.

Ndiyo maana tukiambiwa tupunguze kahawa ili tulale vizuri, tunacheka. Si kwamba hatujui. Mwalimu wetu mstaafu, ambaye haachi kufundisha, ametueleza mara nyingi: mchana kutwa kuna kitu kinajikusanya mwilini kinachouambia ubongo kwamba umechoka. Kafeini inakwenda kukaa kwenye nafasi yake, basi taarifa ya uchovu haifiki. Na ukinywa kikombe saa moja jioni, saa sita usiku karibu nusu ya kafeini yake bado inakuzunguka.

"Sasa Mwalimu, mbona wewe umeomba cha tatu?"

"Mimi nimestaafu, mwanangu. Nawahi wapi asubuhi?"

Hapo hapo muuza kahawa akatutangazia kwamba kijikombe kilichokuwa shilingi mia sasa ni mia mbili. Kelele zilizozuka hapo zilisikika mpaka gereji. Kahawa hii haijapanda meli! Inatoka Kagera na Kilimanjaro, inakaangwa humu humu nchini, inachemshwa na tangawizi kwenye birika lililotoboka mara mbili na kuzibwa. Ikapande bei kwa sababu gani? Kijana mmoja akaperuzi simu, akatusomea. Ukame uliipiga Brazil mwaka 2024, na Vietnam nako mvua zilisumbua. Desemba 2024 bei ya arabika kwenye soko la New York ikavunja rekodi iliyowekwa mwaka 1977, na Februari 2025 ikapita dola 4 kwa ratili. Robusta yetu ya Bukoba nayo inafuata bei ya London. Kwa hiyo mvua ikigoma kwa Wabrazil, sisi wa Magomeni tunaongeza mia.

Mkulima wa Karagwe akipata nafuu kidogo hatumwonei choyo, alikuwa amenyonywa muda mrefu. Swali letu ni moja tu: kwa nini bei ikipanda huko duniani inafika kwetu wiki hiyo hiyo, na ikishuka inapotelea njiani?

Tuje kwenye pilipili. Dada wa mihogo huinjika kikaango chake hatua chache kutoka tulipo, upande ambao upepo unatoka, na hatujui kama anafanya kusudi. Anakwangua karoti, anatwanga kitunguu saumu, anakata pilipili mbuzi nyekundu na njano bila kutoa mbegu, vyote vinaingia kwenye mafuta ya moto. Mvuke ukipanda, kijiwe kizima kinakohoa. Mzee mmoja anapiga chafya mpaka kofia inadondoka. Kisha anamiminia siki, anatia chumvi, anafunika, na wale wale tuliokuwa tunamlaumu tunaanza kupanga foleni.

Wapo wanaosema pilipili inapoza mwili wakati wa joto. Wana hoja. Ile kemikali ya pilipili inagusa mishipa ile ile ya fahamu inayotambua joto kali, lile la zaidi ya nyuzi 43, basi mwili unadanganyika kwamba unaungua na kuanza kutoa jasho. David Julius wa Marekani aliyefumbua jambo hilo alipata mgawo wa Nobeli ya tiba mwaka 2021. Lakini tumeshasema: jasho la Dar halikauki. Mtu wa Dodoma anakula pilipili anapoa. Sisi tunakula, tunalowa shati, na ulimi unaendelea kuwaka. Hatuachi, lakini tusidanganyane kwamba ni dawa.

Na bei ya pilipili nayo imepanda. "Kaka zangu, mnanilaumu bure," anasema dada. "Fungu la mia tano lilikuwa pilipili nane, leo nahesabiwa nne. Mvua zikizidi shambani pilipili zinaoza, mvua zikikosekana zinapukutika maua. Mnataka nikawakaangie nini?"

Na mvua hizo zinatuhusu na sisi, maana joto likiisha hatupumziki, masika inaingia. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na kila uchafu uliotupwa njiani, unafika Jangwani unatanua mikono, na barabara ya Morogoro inafungwa. Na si masika tu: Desemba 2011 Dar ilipata mvua ambayo haikuwa imeonekana tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia na boti za Zanzibar zikasimamishwa, vijana wa kijiweni walifanya utani. Mzee wetu wa Lindi hakucheka. Alikuwa mtoto mdogo kimbunga cha 1952 kilipoipiga Lindi, na hakuaga mtu. Alibeba kigoda chake akaenda kufunga madirisha.

Watabiri wa hali ya hewa kwa kweli hatuna ugomvi nao, siku hizi wanatuambia mapema. Ugomvi wetu ni kwamba tukishaambiwa, hakuna kinachofuata. Mitaro ya mtaa huu imejaa mchanga na chupa za plastiki tangu vuli, na huzibuliwa maji yakishaingia ndani, kiongozi akiwa amevaa mabuti na kupigwa picha. Masika inaanza Machi, kila mtoto wa shule anajua. Wahusika, tuleteeni machepe na matoroli Februari. Watu wa kuyashika tupo, na kahawa tutajinunulia wenyewe, hata kwa hiyo mia mbili.